Zeynab na Milango Mitano

Siku Theuri alipomwona Zeynab kwa mara ya kwanza, Theuri alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji. Hakuwa na kosa lolote. Ndivyo alivyokuwa tu. Mgeni akibisha lango la ploti, yeye alitafuta kwanza mahali pa kusimama asionekane, akamchungulia, na mara nyingi mgeni alichoka akaenda zake kabla Theuri hajakusanya maneno ya kumsalimia.

Alikuwa na miaka hamsini, mjane, mtunza ploti ya vyumba kumi na vinne huko Majengo, Nyeri, hatua chache kutoka msikitini. Masomo yake yalikoma darasa la saba. Maneno yalimkwama kooni, lakini mkono wake ulikuwa mzuri, na mfukoni hakukosa kipande cha chaki. Alichotaka kuwaambia wapangaji aliandika langoni au kwenye milango yao. "Ukitaka kujua kama Baba Wendy amekasirika, soma geti," walisema wapangaji, na kweli walisoma.

Asubuhi hiyo lango lilisema: MAJI YATAFIKA SAA 7. JAZENI MITUNGI. FUNGENI MFEREJI. Mwanamke mrefu, mwembamba, alisimama mbele yake akayasoma maneno hayo kwa sauti kama mtu anayesoma habari redioni. Alivaa hijabu ya kahawia, na juu ya nguo zake fulana ya buluu ya wahudumu wa afya wa mtaa. Miguuni alikuwa na raba za kiume zilizojaa tope.

"Nani mwenye mkono huu?" aliuliza.

Wendy, binti yake Theuri, alikuwa anafua. Alielekeza kwa kidevu. "Ni baba. Ako hapo nyuma ya tenki. Atatoka ukienda."

"Basi mwambie," alisema yule mwanamke, akipaza sauti ingawa tangi lilikuwa hatua sita tu kutoka aliposimama, "mwambie mimi ni Zeynab, na tangu nizaliwe sijaona saba nzuri namna hii. Saba imefungwa mkanda kiunoni kama askari!"

Ni kweli Theuri alikata saba zake katikati kwa kistari, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la tatu. Alicheka bila kutaka, na tangi tupu likakirudisha kicheko chake kwa kishindo hadi Wendy naye akaangua kicheko. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Zeynab alizaliwa Nanyuki. Baba yake, mzee Muse, alinunua mbuzi na kondoo kutoka kaskazini akawauzia wachinjaji wa miji ya mlimani, na bintiye alikulia zizini, akijua mbuzi anayeumwa kwa jinsi anavyosimama. Aliolewa Nyeri na muuza vitambaa. Mume alipofariki, duka likafungwa, na mwana wake wa pekee, Yahye, akaenda kuendesha lori. Zeynab hakurudi kwao. Alijitolea kuwa mhudumu wa afya, akapewa nyumba mia moja za Majengo, na nyumba hizo mia akazijua kama mtu anavyojua vidole vyake. Alijua mtoto yupi hapendi uji na mama yupi anameza dawa za presha kwa siri. Mvua inyeshe au jua liwake, alipita na begi lake, ndani yake mizani ya kuning'iniza watoto na utepe wa kupimia mikono yao.

Kila mwezi akimaliza vyumba kumi na vinne, aliketi juu ya kreti karibu na mfereji, Theuri akamletea chai. Zeynab alikuwa ameshamwelewa. Alizungumza huku akiutazama mfereji, wala hakumtazama Theuri usoni, na Theuri akaweza kusikiliza bila jasho kumtoka. Miaka mitatu walikaa hivyo. Siku nyingine Theuri alijibu sentensi mbili nzima.

Januari, Wendy alijifungua mtoto wa kike. Kwa kuwa hakukuwa na upande wa baba wa kuombwa jina, alimpa jina la mama yake marehemu, Warigia. Kwa desturi ya nyumbani kwao, mtoto aliyeitwa jina la mkeo ni mkeo. Theuri, ambaye hakuweza kumsalimia mwenye duka bila kuangalia chini, alimwinua yule mtoto kila asubuhi akamwuliza, "Umeamkaje, mke wangu? Umeniwekea chai?" Wapangaji walisimama na ndoo zao wakisikiliza, kwa maana hawakujua kama sauti ile ilikuwamo ndani yake.

Juni, redio ikaanza kutangaza surua, ile ambayo Majengo wanaiita ukambi. Zeynab alikuja kabla ya siku yake ya kupita, akaketi juu ya kreti, na safari hii chai ikapoa mkononi.

"Baba Wendy, mimi naogopa," aliuambia mfereji. "Ugonjwa huu hauhitaji kumgusa mtu. Mwenye nao akikohoa chumbani akatoka, atakayeingia saa moja baadaye anaukuta bado uko hewani. Na Julai ndiyo hii inakuja, kila mtu atafunga dirisha akumbatie jiko."

Theuri aliutazama mlango wa chumba chake, ambako mtoto alikuwa amelala.

"Huyo bado," Zeynab alisema kabla hajaulizwa. "Sindano yake ni miezi tisa. Ugonjwa ukiwaka mtaani wanaweza kumchoma akifika sita. Chini ya hapo hachomwi. Huyo atalindwa na wenzake." Akaanza kumweleza habari za mbuzi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja homa ya mapafu ya mbuzi ilipoingia Nanyuki. Daktari wa mifugo alikuja akachoma zizi zima la baba yake, isipokuwa vitoto vilivyozaliwa wiki ile. Alisema wakubwa wakichomwa, homa itafika langoni ikose mbuzi wa kuipeleka ndani. Itazunguka zizi, itachoka, itaondoka. "Vile vitoto havikuwa na dawa mwilini. Dawa yao ilikuwa miili ya wakubwa waliowazunguka. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Theuri. Alikuwa ameelewa nusu.

Tarehe ishirini na saba, hema la chanjo lilisimamishwa karibu na ukumbi wa mtaa. Zeynab alipita mlango kwa mlango, akawapeleka kina mama hemani na watoto wao, kila aliyechomwa akatiwa wino kidoleni, na nyumba iliyokamilisha akaiandika mlangoni kwa chaki: idadi ya watoto, idadi ya waliochomwa, na tarehe. Milango tisa ya ploti iliandikwa siku hiyo. Mitano ilibaki mitupu, ama mama hakuwepo, ama alisema atakuja kesho. Kesho yake Zeynab alipelekwa upande wa Kiganjo, na milango iliyobaki wakaachiwa vijana wawili wa kutoka mbali.

Jioni ile ya ishirini na saba, Waithira wa chumba namba nne alimkuta Theuri akizungusha spana kwenye mfereji. Waithira aliuza kabichi sokoni na alikuwa na ulimi mwepesi. Mtoto wake alikuwa Kahiga, wa miaka mitatu.

"Baba Wendy, wewe si uko na chaki?"

Theuri alitikisa kichwa kukubali.

"Niandikie mlango yangu kama hizo zingine. Kesho naenda matanga Kangema, na huyu akidungwa atashika homa ya siku mbili. Ile ya kwanza, akiwa na mwezi na nusu, ilimlaza hivyo, na Baba Kahiga alinigombeza wiki mzima kwa simu kutoka Mwea. Amesema hataki kusikia sindano ingine."

Theuri alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba haifai. Maneno yalifika mahali pake pa siku zote yakasimama.

"Ati unaogopa yule mama? Ni chaki tu, si damu. Andika mzee, andika!"

Hapo ndipo Theuri alipoikumbuka nusu aliyoielewa. Zeynab mwenyewe alisema wengi wakichomwa, wachache wanalindwa. Milango tisa katika kumi na minne ilikuwa imechomwa. Mmoja ungeharibu nini? Aliandika. Kufikia saa ya kulisha kuku, Waithira alikuwa amemwambia jirani, jirani akamwambia mwingine, na wanawake wanne wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Mmoja alisikia kwenye simu kwamba sindano inafunga uzazi. Mwingine hakutaka tu kupanga foleni. Kukataa mbele ya mmoja kulimshinda, sembuse mbele ya watano. Aliandika milango yote mitano, kwa mkono wake mzuri, na tarehe akaiga ile ile: 27/6.

Wale vijana wawili walipofika kesho yake, walitembea toka mwanzo wa ploti hadi mwisho bila kubisha. Milango yote ilikuwa imesema.

Julai iliingia na ukungu wake. Kwa siku tano mfululizo mlima haukuonekana, na moshi wa makaa ulilala chini ukakataa kupanda. Theuri alikuwa anafagia uani mwa ploti aliposikia kikohozi kutoka namba nne. Kilikuwa kikavu, cha kurudiarudia, kama mtu anayebisha mlango asifunguliwe. Kuta za vyumba vile ni mbao, na juu ya mbao ni wazi hadi bati. Pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote.

"Ni baridi tu," Waithira alimwambia kabla hajauliza. "Walilala watoto kumi kwa godoro moja huko matanga. Utakosa homa?"

Theuri alifagia hadi mwisho. Kisha akarudi akafagia tena pale pale. Siku ya pili kikohozi kilikuwa bado. Siku ya tatu Kahiga aliletwa mferejini kuoshwa uso, na mwanga hafifu wa ukungu ukamchoma macho, akalia akijificha kwenye sketi ya mama yake. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Wendy alikuwa hapo hapo na Warigia mgongoni, akichota maji. Hatua mbili tu ziliwatenganisha.

"Wendy," Theuri aliita. "Rudi ndani."

"Nachota maji, baba."

"Rudi ndani!"

Wendy alimgeukia ameduwaa. Baba yake hakuwahi kupaza sauti. Alirudi ndani, akaacha mtungi chini ya mfereji ukifurika, na hakuna aliyeufunga.

Siku ya tano, vipele vilimtoka Kahiga nyuma ya masikio vikashuka usoni. Ilikuwa tarehe kumi na mbili. Mtu alimpigia Zeynab simu, naye alifika akitembea upesi, raba zikipiga tope. Aliingia namba nne, akakaa kidogo, akatoka akiwa amebana midomo. Alimwambia Waithira amfunge mtoto shuka waende hospitali. Halafu akasimama mbele ya ule mlango akiutazama.

"Hapa pameandikwa amechomwa tarehe ishirini na saba," alisema. "Kidole chake hakina wino. Na mimi siku hiyo mlango huu niliuacha mtupu. Nikarudi kutoka Kiganjo nikaona umeandikwa, nikasema wale vijana wamewafikisha hemani. Lakini vijana walikuja ishirini na nane."

Wanawake walikuwa wamejazana mferejini, kila mmoja na mtoto wake ubavuni.

Zeynab aliinama akasogeza uso karibu na chaki. Theuri, aliyesimama kando ya tangi, alijua anatazama nini. Ile saba ya ishirini na saba ilikuwa imefungwa mkanda kiunoni.

Zeynab alinyooka. Hakumtazama Theuri. Aliutazama mfereji, kama siku zote, akasema polepole, "Ninakwenda kumleta muuguzi na sindano. Mtoto aliyekaa na mgonjwa, akichomwa ndani ya siku tatu, dawa inaweza kuuwahi ugonjwa. Siku zingine zimeshapita. Sijui zimebaki ngapi. Nikirudi nianze kubisha mlango mmoja mmoja, kuna mama atasema wake amechomwa, na mwingine atatokea nyuma akimbilie sokoni, na giza litaingia. Lakini kuna mtu hapa anayejua ni milango gani. Akiniambia, nitamaliza kwa nusu saa. Simuulizi kwa nini. Nataka milango tu."

Alisubiri. Theuri alifungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi bila kitu. Zeynab alisubiri tena, kisha akageuka akatoka langoni na Waithira na mtoto wake.

Theuri aliingia chumbani kwake. Wendy alikuwa ananyonyesha. Warigia alimwona babu yake akaachia ziwa, akacheka kwa ufizi mtupu, maziwa yakimtiririka kidevuni. Miezi mitano na siku kumi na nane. Theuri alihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole, akahesabu tena. Zilibaki siku kumi na mbili.

"Baba, una nini? Mbona unahesabu hivyo?"

Alichukua chaki akatoka. Alikwenda namba nne, mbele ya wanawake wote, akachora duara kubwa kuzunguka maandishi yake. Akaenda namba sita. Namba saba. Mwenye namba saba alimrukia akamshika mkono.

"Wewe mzee, unafanya nini? Si ulisema utanyamaza?"

"Sikusema," Theuri alijibu, na ilikuwa kweli, hakuwahi kusema lolote.

"Nyamaza sasa! Leo ndiyo umejua kuongea? Unatuuza kwa huyo mama? Haki wewe ni nyoka ya chini ya gunia!"

Alijikwamua akachora. Namba kumi. Namba kumi na tatu. Walimfuata wakimtukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, mmoja akafuta duara kwa leso yake, naye akalichora tena. Zeynab aliporudi na muuguzi alimkuta ameegemea mlango wa kumi na tatu, mikono na suruali vyeupe kwa vumbi la chaki, kama mtu aliyetoka kinuni kusaga unga.

Zeynab alihesabu maduara. "Mitano," alisema kwa sauti ya chini. "Mitano, Baba Wendy?"

Watoto saba walichomwa saa ile ile, kwa vilio vya watoto na vya mama zao. Kazi ilipokwisha, Zeynab alimkuta Theuri nyuma ya tangi, pale alipokuwa siku ya kwanza. Safari hii hakuzungumza na mfereji. Alimtazama usoni.

"Kwa nini?"

Theuri alijifuta chaki mikononi. "Ulisema... wachache wanalindwa. Wakiwa wengi wamechomwa. Nikafikiri watano ni wachache."

Zeynab alifumba macho. "Nilikwambia hivyo. Na sikumaliza," alisema. "Surua si kama magonjwa mengine. Katika watoto mia, inataka tisini na watano wawe wamechomwa ndipo ikose njia. Nafasi inayobaki ni ndogo kama tundu la sindano, na ilikuwa imeshapata mwenyewe. Ploti hii ina watoto ishirini na wawili, na asiyeweza kuchomwa ni mmoja. Ile nafasi ilikuwa ya mjukuu wako. Ukawagawia jirani."

Kuanzia siku ile Theuri aliishi kwa kuhesabu. Muuguzi alisema Warigia hawezi kuchomwa kabla ya miezi sita, na kwamba ikiwa ameupata, utajionyesha kati ya siku kumi na kumi na nne. Kwa hiyo kulikuwa na hesabu mbili zinazokimbizana, moja ya siku za kufika sindano, nyingine ya siku za kufika ugonjwa, na Theuri aliziandika zote mbili ndani ya mlango wa chumba chake, kwa chaki, mistari miwili ya wima. Kila asubuhi aliamka akaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto kabla hajavaa viatu. Alimkataza Wendy kwenda mferejini, akachota yeye. Aliziba kwa magazeti nafasi iliyokuwa juu ya ukuta wa mbao, kisha akaogopa kwamba hewa mbaya itakosa pa kutokea, akayatoa, kisha akayarudisha. Watoto wengine wawili wa milango ile mitano walitokwa na vipele, mmoja namba saba, mmoja kumi na tatu. Kila kikohozi kilichosikika upande wowote wa ploti, Theuri alisimama kama alivyo, hata kama alikuwa ameinua ndoo.

Wapangaji waliacha kumsalimia. Hilo halikumwumiza, hakuwahi kupenda salamu. Kilichomwumiza ni Wendy. Siku ya tatu alimwuliza, "Baba, ni kweli wanavyosema? Wewe ndiye uliandika?" Theuri alitazama chini. Wendy hakupiga kelele. Alimchukua Warigia kutoka mapajani mwa baba yake, taratibu, akahamia naye upande wa pili wa pazia.

Tarehe ishirini na moja, siku tatu kabla ya miezi sita, paji la uso lilikuwa la moto.

Zeynab ndiye aliyempakata mtoto hadi hospitali kubwa, Wendy akiwa kando yake. Theuri alitembea nyuma yao akibeba begi la nepi. Wodini walimweka mtoto katika chumba cha peke yake, wakampa matone ya vitamini, na kifua kilipoanza kubana wakamwekea bomba la hewa puani. Vipele vilimfunika hata kope. Kifua kile kidogo kiliingia ndani kwa kila pumzi, mbavu zikahesabika, na Theuri, akichungulia kwenye kioo cha mlango, alijikuta akivuta pumzi pamoja naye, na akimaliza anaogopa kuvuta nyingine mpaka mtoto naye avute.

Siku ya nne wodini, alasiri, daktari alitoka akasema wangojee tu. Wendy alikuwa ndani. Theuri aliketi kwenye benchi la korido, Zeynab kando yake.

"Ile habari ya mbuzi," alisema Zeynab. "Sikukwambia mwisho wake."

Theuri alimgeukia.

"Nilikuwa na jike langu mwenyewe, Hodan nilimwita, jina la shangazi yangu, alikuwa na madoa shingoni. Siku ya daktari nilimwonea huruma na sindano. Nikamfunika chini ya kapu nikalikalia. Daktari akachoma wote, nikasema hakuna mwingine. Homa ilipofika haikupata njia, ila kwa Hodan. Ndani ya zizi, katikati ya vile vitoto." Alifunga na kufungua zipu ya begi lake. "Vilikufa vinane kwa siku sita. Baba alilia na kumlaumu daktari kwamba dawa yake ilikuwa maji. Alimtangaza soko zima, hakuna mtu aliyemwita tena yule daktari, na mwaka uliofuata mazizi ya watu yakaisha. Mimi ningeweza kusema neno moja. Baba alifariki miaka ishirini baadaye, na bado sikuwa nimelisema."

Theuri alisogeza begi la nepi, ili Zeynab apate mahali pa kuegemeza mkono.

Warigia hakufa. Siku ya sita homa ilishuka, siku ya nane alinyonya, na siku ya kumi na moja walimrudisha nyumbani akiwa mwepesi kama alivyozaliwa. Kahiga na wale wawili nao walipona. Waithira alimpeleka Kahiga na watoto wa majirani kwa kila chanjo iliyotangazwa baada ya hapo, na akawa ndiye anayewapigia kelele wengine, ingawa kwa Theuri hakurudisha salamu hadi Desemba.

Lakini Agosti Wendy aliangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya mtoto, na mtoto hakushtuka. Waliuangusha tena upande wa kulia, akageuka. Upande wa kushoto hakugeuka. Usaha ulikuwa umetoka sikio lile wodini, na daktari aliwaambia kwamba huenda asikie nalo tena, huenda asisikie. Theuri aliuchukua mfuniko ule akauweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo hakuna ambaye angeufikia.

Septemba, Yahye alikuja na lori kumchukua mama yake. Kaka yake Zeynab alikuwa amepooza huko Nanyuki na hakukuwa na mtu wa kumwangalia. Zeynab alipita vyumba vyote kumi na vinne kuaga, akambeba Warigia, akampulizia kwenye sikio la kulia hadi mtoto akacheka, akamrudisha kwa Wendy. Theuri alimsindikiza hadi langoni. Pale langoni, chaki ilikuwa imeandika toka asubuhi: SAFARI NJEMA MAMA YAHYE. ASANTE KWA MIAKA 3 NA MIEZI 7. Zeynab aliisoma kwa sauti, kama siku ile ya kwanza, akaigusa ile saba kwa kidole.

Theuri hakumwona tena. Mwaka uliofuata Yahye alileta habari kwamba presha, ile aliyowafuatilia wengine, ilimchukua yeye mwenyewe. Theuri huyakumbuka maneno yake ya mwisho kila anapomwinua mtoto asubuhi na kumwita mke wangu, akiwa upande wake wa kulia, naye mtoto sasa anajibu. Siku ile lori lilikuwa limeshawashwa. Zeynab aliweka mguu kwenye kikanyagio, akageuka, akamtazama usoni.

"Huyu akikua atauliza sikio lake lilikwenda wapi. Usimwachie mama yake amwambie, wala jirani. Mwambie wewe, Theuri. Kwa mdomo."